Siku Fundi Mbao Alipozuia Watu

Mume wangu haingii nyumba ya mtu bila kutazama kuta kwanza. Mwenyeji anamkaribisha, anamsogezea kiti, yeye bado yuko mlangoni, shingo juu, anaufuata ufa kwa macho kutoka darini mpaka sakafuni. Nimeshamfinya mara nyingi kwa aibu. Siku tulipokwenda kuwatembelea wakwe baada ya binti yetu kuolewa, jambo la kwanza kumtoka mdomoni halikuwa salamu. Alisema, "Ukuta huu wa jikoni uangalieni." Mama mkwe wa binti yetu alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kazini wanamwita Fundi Mbao. Usidhani anatengeneza meza au makabati. Kitanda chetu wenyewe kimevunjika mguu na mpaka leo kimeegemezwa kwa tofali. Kazi yake ni mitaro. Pale wanapochimba kupitisha mabomba makubwa ya maji machafu, mtaro wa kumzidi mtu kimo, yeye ndiye anayesimamisha mbao kwenye kuta zote mbili na kuzikaza kwa miti inayovuka katikati, ili udongo usiwaangukie waliomo. Ukimwuliza anafanya kazi gani atakujibu, "Nashikilia ardhi." Anasema hivyo bila kutabasamu, kwa hiyo watu hawajui kama wacheke au wanyamaze.

Ujanani alikuwa mchimbaji kama wengine, na kitu alichokiona kwenye mtaro mmoja hajawahi kunisimulia chote. Najua tu kwamba aliacha sururu akashika nyundo. Udongo anauogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka, tena hafichi. "Udongo unasimama leo, unasimama kesho, wewe unauzoea," huwaambia vijana. "Wenyewe haukuzoei." Vijana wanaitikia ndiyo mzee, na akigeuka wanamwigiza anavyotembea, mikono nyuma, macho kwenye nyufa.

Mimi nauza chai na mkate kwenye kazi hizo hizo. Mtaro ukihama, nami nahamisha jiko, birika na benchi. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu, na mwenye habari tofauti, na wapo wengi mtaani, aje tukae tuzungumze uso kwa uso badala ya kunisema kisimani.

Mbao zilikuwa haba siku zote. Ukiomba nyingine unaambiwa ziko njiani, na njia hiyo sijui inaanzia wapi maana hazikufika. Ikabidi mume wangu awe anazihamisha: anakaza kipande cha mtaro, watu wanachimba, bomba linalazwa, udongo unarudishwa huku mbao zikipanda juu kidogo kidogo, kisha zinabebwa kwenda mbele. Akimaliza kukaza kipande kipya alikuwa akiugonga mti wa mwisho kwa nyundo, ko, ko, na hapo ndipo wachimbaji wanashuka. Na palipovuliwa mbao kabla hapajafukiwa alikuwa akivuta kamba nyekundu kukatisha, huku na huku. Penye kamba hashuki mtu. Hata msimamizi alikuwa haivuki.

Utaratibu huo uliwaokoa wengi, na mimi nasema ndio pia uliowalemaza. Zamani kila mchimbaji alishuka akipapasa ukuta kwa kiganja, anaangalia kama unatoa maji, kama vipande vinadondoka. Alipokuja Fundi Mbao wakaacha. Walisubiri ko, ko, wakateremka ngazi wakipiga mluzi. Kuutazama udongo kukawa kazi ya mtu mmoja, na macho ya wengine yakapumzika.

Mkwe wetu alikuwa fundi bomba katika kundi hilo hilo. Alikuja kwetu jioni moja kuazima kabari, akaondoka na binti yetu. Kabari yenyewe hakurudisha. Alikuwa na mdomo, huyo kijana. Anaweza kukuchekesha ukiwa umefiwa. Mume wangu, ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja, alikuwa akikaa naye kwenye benchi langu wakati wa chai na kumsikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Asipomwona aliniuliza, "Mropokaji wetu yuko wapi leo?" Hakupata mtoto wa kiume, na mtu mwingine angesema hilo kwa maneno. Yeye alilisema kwa kumgawia mkate wake.

Waliishi mtaa wa pili kutoka kwenye kazi. Binti yetu alikuwa na cherehani barazani, na mtoto wao wa kike alikuwa ndio kwanza anajifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani ile. Kaka mtu, yaani kaka wa mkwe wetu, naye alikuwa mchimbaji hapo, mtu wa mabavu, mpole mpaka uguse ndugu zake. Ndivyo ilivyo kazi ya mitaro: ukimwita mmoja unageuka ukoo mzima.

Msimamizi wetu tulimpa jina la Chapuchapu, na huhitaji maelezo kuelewa kwa nini. Siku yenyewe alitaka mbao ziende mbele mapema, kwa sababu mtambo wa kuchimba ulikuwa umesimama ukisubiri. Bomba la nyuma lilikuwa limeshalazwa lakini halijafukiwa. Lazima kwanza lijazwe maji lijaribiwe, waone kama viungo vinavuja. Mume wangu hakupenda kuvua mbao mahali palipo wazi. Alisimama pale akitafuna mdomo. Mwishoni akasema, "Nitavua. Lakini nikishavua, hapa hashuki mtu. Kiungo kikivuja, mniite nirudishe mbao ndiyo fundi ashuke."

"Sawa, sawa," Chapuchapu akasema. "Chapuchapu."

Akavua, akafunga kamba, akaenda mbele.

Maji yakafunguliwa. Kiungo kimoja kikawa kinalia machozi, siyo kuvuja kwa nguvu, kutona tu, na asubuhi yote kilitona kwenye shina la ukuta bila mtu kujali. Ulipofika wakati wa chai watu wakakusanyika kwenye benchi langu. Chapuchapu akaja, akasema kuna kiungo kinataka kukazwa kidogo, ni kazi ya kugeuza spana tu, majaribio yaishe bomba lifukiwe. Hakusema mtu ashuke. Nampa haki yake, hakusema. Alisimama tu akitazama saa yake.

Mkwe wetu akaweka kikombe chake kwenye benchi. "Nakuja kabla hakijapoa," akasema, akachukua spana.

Nikamwambia, "Mwanangu, na hiyo kamba?"

Akaiinua kwa kidole kimoja, akapita chini yake, akanigeukia na lile tabasamu lake. "Mama, kamba hii ni ya wageni. Mimi mtu wa nyumbani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikageuka nikamwita mume wangu, aliyekuwa mbele kule mtaroni akigonga kabari, na kwa kelele za nyundo yake hakunisikia. Nikamwita tena. Safari hii kichwa chake kikachomoza juu ya mtaro, akatazama nilikokuwa namwonyesha, akaanza kupanda ngazi mbio. Hakumaliza ngazi. Ukuta wa upande wa barabara ulianguka, na mlio wake haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa gunia la mchanga lililotupwa sakafuni. Halafu vumbi, na vikombe vyangu chini, na watu wanakimbia.

Udongo ulikuwa umemfika mkwe wetu kifuani. Mkono mmoja ulikuwa nje, bado umeshika spana, na kichwa kilikuwa wazi kabisa. Alikuwa mzima, macho yanatazama, anaongea. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Jamani, nimekwama." Kaka mtu alikuwa wa kwanza kufika ukingoni, beleshi mkononi, na nyuma yake kundi zima. Yeyote mwenye moyo angeruka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavua viatu.

Lakini mume wangu alifika kwenye ngazi ya hapo kabla yao. Alikuwa ameokota beleshi njiani, akalishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya ngazi. "Hashuki mtu," akasema.

Kwanza hawakumwelewa. Walidhani anatafuta nafasi ya kushuka yeye. Kaka mtu akataka kumpita, na mume wangu akamsukuma kifuani kwa mpini. "Tazameni upande wa pili," akasema. "Tazameni kwanza."

Upande wa pili ndiko walikorundika udongo wote uliochimbwa, na nyuma ya rundo lile, juu ya ardhi, palikuwa na ufa mrefu. Mimi niliuona. Ungeweza kutumbukiza kiganja. Ukuta ule mzima ulikuwa umeshaachana na wenzake, umesimama kwa sababu tu haujaamua. Wangeshuka watano pale chini wakaanza kuchimba kwa kishindo, ungewafunika wote watano, pamoja na kichwa kile kilichokuwa bado kinaongea. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo mume wangu kichwani. Wenzake hawakuwa na hesabu yoyote; walikuwa na ndugu yao.

Kaka mtu akaruka kutoka pembeni. Mume wangu akamkuta hewani kwa mpini wa beleshi, bega likalia, akaanguka nyuma, nje ya mtaro. Hapo ndipo walipojua kwamba hatanii.

"Zimeni mtambo," akasema, kwa sababu mtetemo wa mtambo ule ulikuwa unafika mpaka miguuni mwetu. "Wewe na wewe, vuteni rundo lile nyuma, mkae mbali na ukingo. Nyie wengine nendeni mbele, mkavue mbao zangu mzilete." Dereva wa mtambo akasema mkwe wetu afungwe kamba kwapani, avutwe juu kwa mtambo. Mume wangu akamjibu bila kumtazama, "Utamtoa nusu." Dereva akarudi nyuma akakaa chini.

Mtu alikuwa amekimbia kumwita binti yetu. Alikuja na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, miguu mitupu. Sijui aliambiwa nini. Alichokiona alipofika ni mume wake amefukiwa kifuani, watu wanahangaika na mbao huko mbali, na baba yake mzazi amesimama na beleshi anawazuia waliotaka kumwokoa. Hicho ndicho alichokiona, na siwezi kumlaumu kwa macho yake.

"Baba, waache washuke."

Hakugeuka.

"Baba, anakutazama wewe."

Ilikuwa kweli. Mkwe wetu alikuwa ameinua uso, anamtazama mume wangu. Mwanzo alijaribu hata utani, akasema, "Mzee, mkwe wako naomba msaada." Baadaye akasema, "Mbona hawaji?" Kisha maneno yakawa mafupi, kisha yakawa yanakatika kabla ya kuisha. Nilikuja kuelewa baadaye, na natamani nisingeelewa. Mtu aliyefukiwa kifuani, kila akitoa pumzi kifua kinanywea kidogo, na udongo unateleza kujaza nafasi ile. Akitaka kuvuta tena, nafasi yake imeshachukuliwa. Hakuna anayemkaba. Ni yeye na pumzi zake.

Nilimshika binti yangu kiunoni. Alikuwa na nguvu ambazo sikumzaa nazo. Aliniuma mkono, na kovu lipo, sijamwonyesha. Mume wangu hakuwa anatazama chini tena. Alikuwa anatazama mbao zinavyokuja, anaita, "Simamisha hiyo. Sukuma. Mti, mti, leteni mti." Waliteremsha mbao kutoka juu kwa kamba, bila mtu kushuka, wakapitisha mti wa kwanza katikati, na yeye ndiye aliyening'inia kuupiga kabari, mwili nusu juu ya shimo. Wa pili. Wa tatu. Kila kabari ilionekana kwangu kama mwaka. Nilimchukia, nasema ukweli. Kwa muda ule niliungana na mwanangu kumchukia.

Kisha akagonga, ko, ko, akashuka wa kwanza.

Kaka mtu akamfuata, na wengine wawili. Walichimba kwa makopo na kwa kucha. Walipomfikia kiunoni, ule ukuta wa pili ukaja. Niliusikia kabla ya kuuona. Mbao zililia zote kwa pamoja, mti mmoja ukapasuka katikati, ardhi ikainama juu yao na kusimama hapo, imeegemea mbao za mume wangu, na waliokuwa chini wakabaki wameinama, mikono juu ya vichwa. Haikupita. Baada ya muda mume wangu akasema, "Chimbeni," wakaendelea.

Lakini mkwe wetu alikuwa ameshanyamaza kabla ukuta ule haujaja. Walimtoa akiwa mzito. Spana ilibidi waiachanishe na vidole kimoja kimoja.

Kwenye mazishi msimamizi alisimama akatoa pole za kampuni. Akasema maneno mengi mazuri, akamalizia kwa lile wanalosema wote, "Ajali haina kinga." Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, na mila ya kufiwa ni kunyamaza, lakini ulimi ulinitoka. Nikasema, "Ina kinga. Kinga yake ni mbao, na tuliambiwa ziko njiani." Shangazi mmoja akanifinya paja. Chapuchapu akatazama viatu vyake. Sasa hivi ni msimamizi wa mtaro mwingine, mkubwa zaidi.

Kaburini mambo yakawa mabaya zaidi. Watu walisogea kutupia udongo, wamejaa ukingoni kama inavyokuwa, na mume wangu, ambaye alitakiwa asimame kama mfiwa ainamishe kichwa, nikamwona anazitazama zile kuta. Nikajua, nikamwomba Mungu amzibe mdomo. Hakumziba. "Sogeeni nyuma kidogo," akasema, mikono imenyooshwa. "Sogeeni, ukingo huu mbichi." Mnong'ono ukapita kama upepo. Hata hapa anazuia watu, wakasema. Kaka mtu, bega bado limefungwa kitambaa, akamjia mpaka wakawa uso kwa uso.

"Alikuwa anaongea," akamwambia. "Mtu anaongea, unamngoja?"

Mume wangu angeweza kumjibu kwamba ukuta ule uliinama juu ya mgongo wa kaka mtu mwenyewe, na kwamba anasimama pale kwa sababu ya miti mitatu na kabari. Kaka mtu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana hawezi kumsamehe, mimi naona. Ni kazi ngumu kushukuru kwa pumzi ambayo ndugu yako aliikosa.

Wakubwa wa kazi nao walikuja kuuliza. Nani alivua mbao? Mume wangu akasema, "Mimi." Wakauliza kama alilazimishwa. Akasema hapana, aliambiwa, akakubali. Nilimwambia nyumbani, ungewaeleza basi kuhusu haraka za yule bwana, kuhusu kamba. Akaniambia, "Kamba haishiki ukuta." Akageukia ukutani akalala, na sijui kama alilala.

Yuko mmoja katika wale wawili wengine walioshuka, aliyekuja kwetu kwa mlango wa uani, akamshika mume wangu mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Fundi, nina watoto." Basi, akaondoka. Kwenye benchi langu, mchana kweupe mbele za watu, mtu huyo huyo hukaa kimya wenzake wanaposema Fundi Mbao alimwacha mkwe wake afe. Simlaumu sana. Nampunguzia sukari tu.

Binti yetu hakuja kwetu muda mrefu. Alibaki kwa wakwe zake, na habari zake nilizipata kwa mtu na mtu: mtoto ameanza kutembea, cherehani imehamishiwa kule. Mume wangu hakuuliza, ila nilipozitaja hizo habari aliacha kutafuna mpaka nimalize. Nilijua anachosubiri. Hakuwa na haja ya mtaa umsafishe wala kaka mtu amsalimie. Alitaka mtoto wake mmoja aje akae kwenye kiti pale uani amwite baba. Hilo tu. Alikonda kwa ajili ya hilo.

Akaja mchana mmoja, mtoto mgongoni. Mume wangu alikuwa uani ananoa msumeno. Nilimwona anavyouweka chini taratibu, kama anaogopa atamfukuza kwa mlio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, na usinizungushe."

"Uliza."

"Ingekuwa mimi ndiye niliyekuwa mle chini."

Nilikuwa mlangoni na sufuria mikononi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu niliomba mume wangu aseme uongo. Aseme, ningengoja mbao, mwanangu, hata ungekuwa wewe. Ni neno gumu kuambiwa na baba yako, lakini lingemtosha. Angejua kwamba sheria ilikuwa moja kwa kila mtu, kwamba mume wake hakupimwa kwenye mizani yoyote. Angelia, halafu angekaa kwenye kiti. Mwanamume yeyote mwenye akili angeliona neno lile limelala pale mbele yake, kazi ni kuliokota.

Mume wangu alitazama viganja vyake.

"Ningeruka," akasema.

"Na ufa ungeuona?"

"Ningeuona. Ningeruka hivyo hivyo. Wangenifuata, na ukuta ungetufunika wote, na wewe tusingekutoa. Ingekuwa kosa, mwanangu. Ningelifanya."

Mtoto alikuwa anamvuta mama yake hereni, naye hakumzuia. Alimtazama baba yake, siyo kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira, hasira huisha.

"Kwa hiyo kosa lake yeye," akasema, "ni kwamba hukumzaa wewe."

Binti yetu akaikaza kanga ya mtoto, akaniaga mimi, akatoka. Hakuna aliyemwita. Mimi namwelewa mume wangu, na namwelewa mwanangu, na kuwaelewa wote wawili hakujanisaidia kitu.

Siku hizi anakuja kunitembelea. Anakaa nami jikoni, mtoto anacheza na vifuniko vya sufuria, tunacheka hata. Anakuja zile siku zangu za kutouza chai, saa ambazo anajua baba yake yuko mtaroni, na jua likianza kuinama anamfunga mtoto mgongoni. Mume wangu akirudi anakuta vifuniko sakafuni. Anaviokota kimoja kimoja, anavirudisha mahali pake, na haniulizi nani alikuja.